Nusu Ekari ya Syrah Hombolo: Msimu Nilioupoteza kwa Kupogoa Mwezi Usiofaa

Tarehe 17 Machi 2021 nilikata kichala cha kwanza cha zabibu zangu, nikakigeuza mkononi, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwa nje kichala kilikuwa cheusi, kizuri. Kwa ndani, pale punje zinapobanana, palikuwa na ukungu wa kijivu, na punje zilizofunikwa na ule ukungu zilipasuka nilipozigusa tu. Mimi ni muuguzi, nimesafisha vidonda vya kila aina bila kutetereka. Siku hiyo nilikaa kwenye tope katikati ya mistari, nikalia.

Naandika haya kwa ajili ya anayefikiria kupanda zabibu za mvinyo Dodoma, hasa Syrah, na ana akiba yake ndogo kama niliyokuwa nayo mimi. Nitataja fedha zilivyotoka na mahali nilipokosea, maana nilipoanza sikumpata mtu wa kuniambia.

Baba alifariki mwaka 2018 akatuachia ekari mbili nje kidogo ya Hombolo. Alikuwa akilima uwele na karanga, mwaka wa mvua anavuna, mwaka wa ukame tunanunua unga. Zabibu si mgeni kwetu. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda kwenye misheni ya Bihawana, hapa Dodoma, miaka ya 1950, na tangu hapo imekuwa zao la Mgogo kama lilivyo la mtu mwingine yeyote aliyehamia Dodoma. Majirani karibu wote wana Makutupora Nyekundu, aina iliyochukua jina la kituo cha utafiti kilicho kaskazini mwa mji. Ni mzabibu mgumu, unazaa sana, zabibu zake unakula na mvinyo unakamua. Mama aliniambia, "Mwanangu, panda wanachopanda watu." Mzee jirani yetu, ambaye sisi sote tunamwita Babu, aliniambia hivyo hivyo.

Nikapanda Syrah. Mtu mmoja aliniambia kwamba watengeneza mvinyo wanailipia zaidi, nami nikaamini neno la mtu mmoja. Sikuwa na mkataba wala barua. Sikujua hata mnunuzi huyo anataka sukari kiasi gani wala anapokea zabibu mwezi gani. Nikikumbuka, hapo ndipo hasara yangu ilipoanzia, miaka miwili kabla ya ule ukungu.

Nilichofanya ni kusoma habari zake, nikaipenda kama mtu anavyompenda mchumba wa kwenye picha. Kwao ni bonde la mto Rhône, kusini mashariki mwa Ufaransa, na sifa zake kubwa zimetoka kwenye kilima cha Hermitage, kilima cha mawe ya matale juu ya mji wa Tain. Waaustralia wanaiita Shiraz. Shemeji yangu wa Kilwa aliposikia jina hilo alifurahi sana, akasema basi hii ni zabibu ya Washirazi, imetoka Uajemi kama mababu zake. Hata Ulaya hadithi hiyo imesimuliwa miaka mingi. Lakini mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis na wenzao wa Montpellier walipima vinasaba vyake wakakuta wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zote mbili za huko huko kusini mashariki mwa Ufaransa. Shemeji mpaka leo hajakubali.

Nikasoma kwamba mtaalamu wa mizabibu James Busby alifikisha vipando Australia mwaka 1832, na kwamba katika bonde la Barossa kuna mizabibu ya Shiraz iliyopandwa miaka ya 1840 ambayo bado inazaa, kwa sababu filoksera, yule mdudu wa mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, hajafika Australia Kusini. Moyo ukajaa. Mmea uliovuka bahari yote hiyo ukazaa karibu miaka 180, utashindwa na Hombolo?

Kitu kimoja sikukisoma: mzabibu wa Rhône unalala. Baridi ikija majani yanaanguka, mti unakaa kimya miezi kadhaa, mkulima anapogoa wakati umelala, na joto la mwezi wa nne linauamsha wenyewe. Zabibu zinavunwa mwezi wa tisa, mara moja kwa mwaka. Kalenda inawekwa na majira. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu wa Dodoma unaendelea kukua mwaka mzima, na kinachouambia "anza upya" ni mkasi wako. Siku unayopogoa ndiyo siku unayopanga mavuno. Hilo nililijua baada ya kulipa.

Nilipanda Januari 2019. Nilichukua vipando vyenye macho manne, yale mavimbe yanakotoka machipukizi, nikaviloweka usiku mmoja kwenye ndoo, nikafukia macho mawili, mawili yakabaki juu. Nafasi ilikuwa mita 3 kati ya mistari na mita 2 kati ya miche, mashimo 330 hivi kwenye nusu ekari. Kila shimo nilitia debe la samadi iliyooza. Samadi ya trip moja haikuwa imeoza vizuri, na miche ya mistari miwili iliungua. Kabla hujaishusha ingiza mkono katikati ya lundo, na ukisikia joto mwambie dereva aondoke nayo.

Fedha zilikwenda hivi. Nguzo 120 shilingi 840,000. Waya shilingi 620,000. Simtanki la lita 5,000 pamoja na mipira ya matone shilingi 1,700,000. Samadi trip sita shilingi 360,000. Vibarua wa kuchimba, kufunga waya na kupalilia shilingi 780,000. Jumla shilingi 4,300,000 kabla sijauza hata kilo moja, na sijaweka maboza ya maji wala dawa. Nilichukua mkopo kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa kazini, ukakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Kwa mzabibu usikope fedha inayotakiwa kurudi mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza unajenga shina, wa pili unajenga mikono kwenye waya, na hela inaanza kuonekana wa tatu.

Kwenye nguzo nilijaribu kubana matumizi. Nilinunua 40 zilizotiwa dawa, nyingine 80 nikachukua za kawaida za mkaratusi. Mchwa walizila. Kufika mwisho wa masika ya pili nguzo zilikuwa zinasimama kwa kushikiliwa na waya badala ya kuushikilia. Nikanunua upya. Dodoma bei ya nguzo isiyo na dawa unailipa mara mbili.

Sasa nirudi kwenye kupogoa. Novemba 2020 mizabibu ilikuwa imeshika waya vizuri, na Babu alikuwa na vibarua wanne wanaojua kushika mkasi. Wakamaliza kwake Ijumaa, Jumamosi wakaingia kwangu. Sababu yangu ya kupogoa tarehe 14 Novemba ndiyo hiyo tu, kwamba vibarua walikuwepo. Ukihesabu siku 120 kutoka hapo unafika katikati ya Machi, na Machi kwetu bado ni mvua. Maua yangu yalifunguka wakati mvua zinaanza, majani yakajaa ugonjwa wa ubwiri vinyoya, ile rangi ya mafuta upande wa juu na unga mweupe upande wa chini. Nilipiga dawa ya kopa (shaba) na mvua ikaiosha, nikarudia ikaoshwa tena. Makutupora ya Babu nayo iliugua lakini ilivumilia, akavuna. Syrah yangu ina vichala vilivyobana, punje ndogo ndogo zimesukumana, maji yakiingia katikati hayatoki.

Siku ile ya Machi, baada ya kulia, niliwaita vijana tukachagua punje nzuri na kutupa mbovu, tukapata kama kilo 300. Mnunuzi alikuja na kile kipima sukari cha kuchungulia kwa jicho. Akaminya punje, akaweka tone, akaelekea kwenye mwanga, akanipa na mimi nichungulie. Mstari ulisimama kwenye asilimia 15 ya sukari. Yeye alitaka 20. Hakubishana wala hakunidharau, alisema tu, "Dada, hii siwezi kuipokea," akageuza gari. Nikazipeleka Soko la Majengo. Zabibu za mvinyo ni ndogo, ngozi nene, mbegu tele, na mlaji wa mjini anataka kubwa laini. Niliuza kwa bei ambayo haikurudisha hata nauli ya guta.

Zilizobaki nilisema nitakamua mchuzi, yaani mvinyo ghafi, kama wanavyofanya wakulima wengi zabibu zinapokosa soko. Nikakamua kwenye pipa la plastiki la lita 100, nikalifunika kitambaa. Nilifanya makosa mawili kwa siku moja. Kwanza nilichuja maganda mapema, na nyama ya Syrah haina rangi, wekundu wote uko kwenye ganda, kwa hiyo mchuzi ukatoka wa waridi uliofifia. Pili pipa lilijaa nusu tu. Hewa iliyobaki juu ilifanya kazi yake, wiki ya tatu nyumba nzima inanuka siki. Mchuzi unataka chombo kilichojaa mpaka mdomoni na kufungwa sawasawa, na dawa ya kuuhifadhi itiwe kwa kipimo cha anayejua, si kwa kukisia na kijiko. Kama huna hivyo viwili, ni afadhali ukaushe zabibu kavu juani.

Wiki moja baada ya mavuno hayo nilichukua likizo, nikapanda gari mpaka kituo cha utafiti Makutupora. Nilikuwa nimejiandaa kuelezea samadi, dawa na maji. Mtafiti aliyenipokea aliuliza swali moja kabla hata sijakaa vizuri: "Ulipogoa lini, mama?" Nilipomjibu alichukua karatasi akachora mstari wa miezi 12, akaweka kivuli kuanzia Desemba mpaka Aprili, kisha akahesabu siku kurudi nyuma kutoka mwisho wa Agosti. Kalamu ikaangukia mwisho wa Aprili. Akaniambia: mvua ikiisha, pogoa, maua yatoke kipupwe, zabibu ziive kiangazi, usiku kuna baridi na mchana jua kali, hapo sukari inapanda bila ukungu. Karatasi ile ninayo, nimeibandika ndani ya mlango wa stoo.

Niliporudi nilitafuta watu wengine wanaoishi na Syrah kwenye joto, nikawakuta Brazili. Petrolina, kwenye bonde la mto São Francisco, iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, sisi tuko nyuzi 6. Nako ni nchi kavu ya vichaka kama kwetu, mizabibu inaishi kwa maji ya umwagiliaji. Wanavuna Syrah mara mbili kwa mwaka, na shamba moja linaweza kuwa na kipande kinachopogolewa leo, kingine kwenye maua na kingine kinavunwa. Mbali zaidi kusini, Minas Gerais, kwenye nchi ya kahawa, mvua zao zinaangukia wakati zabibu zinaiva kama zilivyoniangukia mimi. Mtafiti Murillo de Albuquerque Regina alisaidia kueneza huko utaratibu wa kupogoa mara mbili: mara ya kwanza wanaacha mti ujenge matawi na kuondoa vichala vyote, kisha wanapogoa tena Januari ili wavune Julai na Agosti, wakati wa ukavu na ubaridi. Aina waliyoanza nayo kupata sifa ni hii hii Syrah. Nilisoma habari hiyo usiku, zamu ya usiku zahanati, nikaona jinsi watu wa mbali walivyokuwa wamesumbuliwa na kitu kilekile.

Aprili 2021 nikafuata. Hapa kuna jambo la kupumzisha mti ambalo wengi wanaliruka. Kwa kuwa hakuna baridi, tunaulaza mzabibu kwa kiu. Nilipunguza maji kabisa wiki tatu kabla ya kupogoa, majani yakapauka, mti ukatulia. Tarehe 27 Aprili nikapogoa mwenyewe na mdogo wangu, tukiacha macho mawili kwa kila kijiti kwenye mkono wa waya. Sikuwaachia tena vibarua wanaolipwa kwa mstari, maana wa mstari anakimbia, na ukikata karibu sana na jicho unalikausha. Acha sentimita mbili hivi juu ya jicho la mwisho.

Hata hivyo macho hayakufumuka sawasawa. Yale ya ncha yaliwahi, ya karibu na shina yalichelewa siku kumi, mengine hayakuamka. Huko Petrolina wanatumia kemikali, sianamidi ya haidrojeni, kuyaamsha pamoja. Mimi sijaitumia. Ni sumu kali, na aliyeishika akinywa pombe siku hiyo au siku kadhaa zinazofuata mwili wake unashtuka vibaya. Nimehudumia watu wengi waliodhurika na dawa za shambani, sitaki kibarua wangu awe mmoja wao. Nakubali macho machache yapotee.

Upepo ndio uliofuata. Machipukizi ya Syrah ni marefu, laini, yanakatika kwenye shina kama mlenda. Juni ilipovuma siku mbili mfululizo niliokota machipukizi yaliyoanguka, nikayahesabu mpaka 60 nikaacha. Kumbe hata Côte-Rôtie, kaskazini mwa Rhône, kila mzabibu hufungwa kwenye mti wake kwa sababu ya miteremko na upepo. Sasa naongeza waya wa pili na kuingiza machipukizi katikati yakiwa na urefu wa mkono, kabla hayajawa marefu ya kupigwa.

Agosti zabibu ziliiva, na siku hiyo sitaisahau pia. Nilipasua punje moja kwa kidole gumba. Ganda likaacha wino mweusi kwenye ukucha, mbegu zilikuwa kahawia, kavu, zinalia meno yakizivunja. Kipima sukari, ambacho sasa nilikuwa nimenunua cha kwangu, kilisoma 22. Hakukuwa na punje yenye ukungu. Mama alitembea mstari mzima akiwa ameshika kichala kimoja bila kusema neno, kisha akasema, "Baba yenu angeliona hili."

Nikampigia mnunuzi. Akasema ana foleni, nisubiri siku tatu. Zikawa tisa. Hapo Syrah ikanifundisha tabia yake nyingine. Ikishaiva haikai ikikungojea, punje zinaanza kunywea. Kipima sukari kilipanda mpaka 26 na mtu asiyejua angefurahi, lakini ni maji yanayoondoka, na mimi ninalipwa kwa kilo. Nilikadiria kilo 800, mzani ukasoma 610. Hakuna aliyeniibia. Jua lilikunywa, na hakukuwa na karatasi inayomlazimisha mnunuzi kuja tarehe tuliyokubaliana.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilianza na karatasi. Nilikwenda kwa mnunuzi mwezi wa tatu, kabla ya kupogoa, nikamwambia: nina miche 330, nitapogoa tarehe hii, zitakuwa tayari kati ya tarehe hii na hii, unataka sukari ngapi, unaleta kreti ngapi, ukichelewa zaidi ya siku nne tunafanyaje? Alishangaa kidogo, lakini alijibu. Tukaandikiana. Ilibidi pia nigawe shamba: nusu napogoa juma la tatu la Aprili na nusu siku 10 baadaye, ili zisiive zote siku moja nikakosa mikono. Na kwenye eneo lililobaki nimepanda ekari moja ya Makutupora Nyekundu, kama mama alivyosema tangu mwanzo, maana ile inaweza kuuzwa sokoni kwa kula wakati mwenye mvinyo hajaja.

Mavuno ya pili ya mwaka, yale ya masika, kwenye Syrah nimeyaacha. Wengine wanayachukua na wana sababu zao. Mimi baada ya Agosti nauacha mti ujenge matawi, nikiona vichala wakati wa mvua nakata mapema, nikiwa bado naweza kuvumilia kuvikata, vikiwa vidogo kama mbegu za ulezi. Mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito sana. Mkopo nilimaliza kuulipa Februari 2024.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kijiji cha pili alikuja kuomba vipando vya Syrah. Nilimkatia 50, nikaviloweka kwenye ndoo uvunguni mwa simtanki, nikamuuliza ameshaongea na nani wa kumuuzia. Akasema bado, ila ameambiwa inalipa. Nikampa jina la mnunuzi, namba ya mtu wa kituoni Makutupora, na nikamnakilia ule mstari wa miezi 12 kwenye karatasi ya daftari. Nimemwambia vipando nitamtunzia, nabadilisha maji kila asubuhi, na siku akirudi na jibu tutakwenda wote kuchimba mashimo.